Miaka Saba ya Kungoja Mpira

Fundi wa lugabire mjini Kampala huchana tairi kuukuu kwa kisu kilicholowa maji, na baada ya muda tairi la lori limekuwa ndala za kuvaliwa shambani miaka na miaka. Tairi zetu karibu zote zimepitia bandarini Mombasa au Dar es Salaam, na mpira wake wa asili mwingi umegemwa Asia. Wanaotaka sheria ya kuinua kilimo cha mpira Uganda wanaanzia hapo: kwa nini fedha za kigeni zitoke kununua kitu kinachotoka mtini? Tena mpira si mgeni kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 utomvu wa miti ya asili uligemwa katika msitu wa Mabira.

Hoja hiyo naikubali nusu, maana sheria peke yake haileti mpira. Marekani, Wajapani walipoyateka mashamba ya mpira ya Malaya (leo sehemu ya Malaysia), ilipitisha sheria mwaka 1942 ya kupanda guayule, kichaka cha jangwani chenye mpira. Vita vilipokwisha, mashamba ya guayule yakaharibiwa. Zikaja sheria nyingine 1978 na 1984, utafiti ukafadhiliwa, na hadi leo nchi ile huagiza nje karibu mpira wake wote wa asili. Jirani zetu Nairobi, kiwanda cha tairi cha Sameer kiliacha kuzalisha mwaka 2016, kikizidiwa na tairi rahisi za ng'ambo. Nasi hatuwezi kupandisha ushuru tutakavyo, kwa kuwa ushuru wa forodha ni wa pamoja Afrika Mashariki.

Wanaopinga wanataja pia misitu, na wana haki. Mwaka 2007 watu walikufa Kampala katika maandamano ya kuzuia sehemu ya Mabira isitolewe kwa kilimo cha miwa. Isitoshe, mti wa mpira hupenda nyanda za chini zenye joto. Sehemu kubwa ya Uganda imepita mita 1,000 juu ya bahari, na huko hukawia kukomaa.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni kibanja, yaani shamba la mtu kwenye ardhi yenye hati ya mwingine. Mti huanza kugemwa mwaka wa sita au wa saba, kisha hutoa utomvu miaka 25 hivi. Kwenye ardhi ya mailo, mfumo wa umiliki wa Uganda ya kati, mara nyingi anayelima ni mmoja na mwenye hati ni mwingine. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda mwenye kibanja asifukuzwe ovyo, hata hivyo tunazijua familia zilizoamka zikakuta ardhi imeuzwa na buldoza liko uani. Mahindi, mwenye kibanja angeshayavuna. Mpira wa miaka mitano haujampa hata kikombe kimoja cha utomvu; maharagwe aliyopanda katikati ya mistari nayo yameshafunikwa na kivuli.

Muswada utakaoniridhisha utamke kwamba mti ni wa aliyeupanda, hata ardhi ikipata mwenyewe mpya, na kwamba mnunuzi awe amefunga mkataba kabla miche haijagawiwa. Kahawa huweza kukaa ghalani ikingoja bei. Utomvu uliogemwa alfajiri huanza kuganda siku hiyohiyo.