Bei ya Alhamisi, Nyanya za Jumamosi

Bodaboda alifika getini saa nne na nusu asubuhi, mvua ya masika ikimchuruzika kwenye koti. Ndani nilikuwa na kitunguu kimoja, tena kimeanza kuota. Mama mkwe na mashemeji wawili walikuwa njiani kutoka Morogoro, na nilishatangaza pilau. Kijana hakushusha mzigo. Alitoa simu, akaifuta maji kwenye suruali, akanisogezea nisome.

"Dada, wamesema kuna ongezeko kidogo."

"Ongezeko la nini tena?"

"Mimi nimeambiwa tu nikuoneshe."

Niliagiza Alhamisi usiku kwenye programu ya duka la mtandaoni, watoto wamelala, nimejilaza kwenye kochi na simu mkononi. Mchele kilo kumi, 30,000. Mafuta ya alizeti lita tano, 32,000. Sukari kilo tatu, 9,000. Nyanya kilo nne kwa 2,000 kila kilo, vitunguu kilo tatu kwa 2,500, kuku wawili wa kisasa 18,000, na kuletewa 5,000. Jumla 109,500. Dakika hiyo hiyo ujumbe uliingia: oda yako imethibitishwa, utalipa ukipokea. Nikalala kwa amani.

Jumamosi getini hesabu ilikuwa nyingine. Nyanya 3,200. Vitunguu 3,500. Mafuta 35,000. Jumla 120,300. Nikasema sawa, basi nyanya rudi nazo, nitanunua gengeni. Haiwezekani, oda ni moja, ama nachukua vyote ama vinarudi vyote. "Na vikirudi, dada, safari yangu haihesabiwi." Alisema kwa sauti ya chini, anaangalia tairi la mbele.

Nikalipa. Elfu kumi na mia nane hainifilisi, ingawa ni karibu kilo ya nyama. Kilichonikera ni namna nilivyobanwa: wageni njiani, jiko tupu, na mbele yangu kijana aliyelowa ambaye hakupanga bei wala hana uwezo wa kuibadilisha, lakini ndiye nitakayemuumiza nikikataa. Mwenye bei alikuwa ofisini, pakavu.

Naomba nieleweke. Sidai nyanya zisipande. Nimeishi Dar miaka ya kutosha kujua kwamba nyanya haina bei, ina siku. Lori likikwama Ilula, kule Iringa zinakotoka nyanya, au mvua ikiharibu mashamba, Soko la Ilala linajua kabla ya alfajiri, na ikifika saa mbili gengeni kwetu mnajua wote. Tena gengeni wana adabu yao. Mama muuza genge habadilishi bei ya fungu, anabadilisha fungu. La 1,000 lililokuwa na nyanya sita linakuwa na nne, moja ndogo imewekwa kwa nyuma ikiegemea zenzake. Unaliona kwa macho yako, unacheka, unasema "mama, hizi zimepungua," naye anakwambia "mwanangu, nenda Ilala ukaone." Mnavutana kidogo. Mwisho anakutupia pilipili hoho moja, au kitunguu kidogo, na unaondoka hujui kama umepunjwa au umependelewa, ila umekubali mwenyewe.

Na hapo ndipo ugomvi wangu na maduka ya kwenye simu unapoanzia. Nilipohamia huko nilitoa kitu. Niliacha kupatana. Programu haina pa kuandika "punguza kidogo bwana", haina nyongeza, haikujui kama wewe ni mteja wa miaka saba au umejiandikisha jana. Kwa kuacha hayo nilitegemea kupata jambo moja: bei iliyoandikwa iwe ndiyo bei. Sasa nikiambiwa bei nayo inatembea, nimebaki na nini? Sokoni bei inapanda lakini nina mdomo. Kwenye simu sina mdomo na bei bado inapanda.

Jumatatu nilipiga namba ya huduma kwa wateja. Dada aliyepokea alikuwa mpole sana, nami nilijitahidi.

"Samahani dada, ni kwamba mafuta yamepanda."

"Ya kupikia au ya pikipiki?"

Akanyamaza kidogo. "Yote."

Haya, tuyachukue yote. Bei kikomo ya petroli EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na ile ilikuwa wiki ya kwanza ya mwezi. Mimi niliagiza Alhamisi usiku. Kwa hiyo kama petroli ilipanda, ilipanda kabla sijagusa kitufe, na ile 5,000 ya kuletewa ilipaswa kuwa imeshaibeba. Na dumu la alizeti? Dumu si nyanya. Halikuja na lori la usiku. Lile nililoletewa lilikuwa na vumbi mabegani, vumbi la kukaa rafu wiki kadhaa. Nyanya zikipanda kati ya Alhamisi na Jumamosi nitasema ni mvua. Dumu lenye vumbi likipanda kwa siku hizo hizo, kuna mtu kakaa akaamua.

Halafu nikafanya kitu nilichopaswa kufanya Jumamosi ile ile. Nikiwa bado naongea na yule dada, nikafungua programu nikatafuta nyanya. 2,000.

"Dada, mbona huku bado mnaandika elfu mbili?"

"Mfumo haujasasishwa."

Ujumbe wa kuniongezea bei ulinifikia getini ndani ya saa za kazi za siku moja. Ukurasa wa kuvutia wateja wapya, siku nne baada ya oda yangu, bado haujasasishwa. Sisemi ni makusudi. Nasema ule mfumo unachelewa upande mmoja tu. Na kwa miaka yote niliyoagiza, vitu vimeshuka bei mara nyingi: mchele baada ya mavuno, vitunguu vikifurika kutoka Singida na Mang'ola. Hakuna hata siku moja bodaboda amefika getini akaniambia dada, kuna punguzo, chukua chenji yako.

Shemeji yangu mmoja ni mtu wa sheria, na siku ya pilau hakuacha kunikosoa huku akila. Alinikumbusha kwamba bei kuandikwa dukani si ahadi ya kuuza. Ni mwaliko. Kuna kesi maarufu ya Uingereza ya 1953, ya maduka ya dawa ya Boots, ambako mahakama iliamua kwamba dawa iliyopangwa rafuni inakualika tu. Unapoipeleka kaunta ndipo wewe unatoa ofa, na muuzaji anaweza kukubali au kukataa. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, yenyewe ina mizizi katika ile ya India ya 1872, ukoo ni ule ule. Kwa hiyo, alisema akijiongezea kachumbari (ya nyanya za 3,200), duka halilazimiki kukuuzia kwa bei ya kwenye ukurasa.

Sawa. Nikamwonesha simu. Mimi nilitoa ofa kwa 109,500, na wao wakajibu "imethibitishwa". Hilo neno sikuliandika mimi. Wangeandika "tumepokea ombi lako, bei tutakuthibitishia asubuhi", nisingekuwa na la kusema. Akatafuna. Akasema hapo kidogo nina hoja. Na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, bei ikiwemo. Ila tuambizane ukweli, nani ataacha kazi zake aende Tume ya Ushindani kudai 10,800? Wanaojua hilo zaidi ni wao.

Nimesikia wakitetewa kwamba hata Ulaya ndivyo ilivyo. Ni kweli kiasi. Uingereza yapo maduka makubwa yanayosema bei unayoiona ukiagiza ni makadirio, na utakayotozwa ni ya siku mzigo unapokusanywa au kuletwa. Marekani kadi yako huweza kuzuiliwa kiasi kinachozidi jumla, kwa sababu kuna nyama na matunda ya kupimwa na kuna vitu vya kubadilishiwa. Lakini tofauti iko kwenye neno makadirio. Limeandikwa kabla hujalipa. Sina tatizo na makadirio, ninayaishi kila siku. Fundi wangu wa bomba maisha yake yote ni makadirio. Ukiniambia ni makadirio, nitaweka akiba ya 10,000 pembeni na nyanya nitanunua gengeni.

Jirani yangu yeye hulipa kabisa kwa simu kabla, akiamini akishalipa amefunga mjadala. Mjadala haufungwi. Bei ikipanda anaombwa "aongezee" ndipo mzigo utoke. Kitu kikikosekana fedha yake hairudi kwenye simu, inageuka salio ndani ya programu ile ile, ambalo ili alitumie lazima aagize tena. Makato ya kutuma yameshakwenda. Ninavyoona mimi, bora kubanwa getini fedha ikiwa bado mfukoni.

Mwanzoni mwa 2024 sukari ilitutoa jasho. Mvua za El Niño zilikwamisha uvunaji wa miwa, viwanda vikapunguza uzalishaji, serikali ikatoa bei elekezi, na bado wengi wetu tuliinunua kwa 4,000 kwa kilo na zaidi. Wakati ule bei ilikuwa ya saa, si ya siku. Lakini Mangi wa dukani kwetu, ukimwambia nipimie kilo, alikuwa anasimama na kijiko hewani: "Leo ni elfu nne na mia mbili, nikuwekee?" Anakuambia kabla hajachota. Ukiguna anarudisha kijiko, hakuna aliyepoteza kitu. Mtu mwenye mizani ya chuma na daftari la madeni lililofungwa kwa mpira ameweza. Kampuni yenye ramani inayonionesha bodaboda amefika mzunguko upi haiwezi kunitumia ujumbe wa mistari miwili kabla pikipiki haijawashwa?

Wataniambia nawaonea, faida yenyewe ni ndogo. Hilo ninalijua kwa karibu, maana nina rafiki Kinyerezi anayeuza mboga na matunda kwa WhatsApp. Anaamka saa tisa usiku, saa kumi yuko Ilala, ndizi anafuata Mabibo. Kwenye kilo ya nyanya anabaki na 200, siku nyingine 300, kabla ya zile zilizopondeka chini ya tenga. Ukimfunga na bei ya juzi, kilo ishirini tu zinamla mtaji. Nilipomsimulia yaliyonikuta alicheka, akasema yeye alishapigana na wateja wa kutosha mpaka akajifunza. Sasa hachukui bei jioni. Jioni anachukua orodha tu. Saa moja kasoro asubuhi, akiwa bado sokoni, anatuma sauti: nyanya leo ni hivi, hoho hivi, bamia nzuri hakuna, nani anabaki? Ukijibu ndiyo, anafunga. Ukinyamaza, hakupimii. Akishafunga, hata akikuta kwa mwenzake bei imeruka saa hiyo hiyo, hiyo ni yake. "Na mimi nikipata ya chini baada ya kukubaliana, hiyo pia ni yangu," akasema, na sikuona tatizo.

Vitu vya rafuni, mchele, mafuta, sabuni, yeye bei yake ni ya wiki nzima. Anaiandika Jumapili.

Nimehamia kwake kwa mboga. Si raha tupu, nikiri. Ujumbe wake wa sauti una kelele za kuli na honi, inabidi niusikilize mara mbili, na kama nimelala mpaka saa mbili nimekosa. Hana ramani wala risiti ya kupendeza. Anaandika hesabu kwenye kipande cha boksi, anakipiga picha. Wiki iliyopita Jumamosi sauti yake iliingia nikiwa napiga mswaki. Nyanya zimeshuka, 1,600. Nikairudia kusikiliza, nikidhani ni kelele za soko.

Nikamwambia aniongeze kilo moja, na kwa kuwa mdomo wangu umerudi kazini, nikamwomba ndimu mbili za nyongeza. Aliweka tatu. Moja ilikuwa imeoza.