Saa Kumi Jioni Iwe Saa Kumi

Wenye vipande vya UTT, mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya Tanzania, wanajua kuwa bei ya kipande hupigiwa hesabu mara moja kwa siku. Marekani ni vivyo hivyo: mifuko mingi ya namna hiyo hupanga bei saa kumi jioni ya New York, soko la hisa linapofungwa. Ukichelewa, unapata bei ya kesho.

Mnamo Septemba 2003, Eliot Spitzer, mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, alionyesha kwamba si wote waliochelewa walioguswa na sheria hiyo. Kampuni ya uwekezaji ya Canary ilikuwa na mtambo wa kuagizia vipande wa Bank of America ofisini kwake, ikiagiza hadi saa 12:30 jioni kwa bei ya saa kumi. Spitzer alisema ni sawa na kuwekea dau mbio za farasi zilizokwisha. Canary ililipa dola milioni 40 bila kukiri kosa.

Desemba ile SEC, msimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani aliyeumbuliwa na mwanasheria wa jimbo, ilipendekeza agizo liufikie mfuko kabla ya saa kumi, lisilale kwa dalali. Wakosoaji wakaiona hasira ya aliyeamshwa usingizini. Hoja yao ina uzito: mfanyakazi wa California, ambako saa hiyo ni saa saba mchana, huagiza kupitia msimamizi wa pensheni mwenye maelfu ya akaunti za kupanga. Mfanyakazi huyo angelazimika kuagiza asubuhi.

Sawa. Lakini tuhesabu. Kipande ni dola 20. Saa kumi na moja kampuni kubwa, ambayo mfuko una hisa zake, inatangaza faida. Anayeingia kwa dola milioni moja kwa bei ya saa kumi anapata vipande 50,000. Kesho bei ni 20.40, anatoka na faida ya dola 20,000. Fedha hiyo haikushuka mbinguni. Imemegwa kwa waliomo, senti kwa senti, na hakuna anayepiga kelele kwa senti. Mchumi Eric Zitzewitz alikadiria hasara ya namna hii kuwa takriban dola milioni 400 kwa mwaka. Wengi wa waliomegwa ni haohao wenye pensheni tunaoambiwa tuwahurumie.

Na mlango uliotumika ni upi? Security Trust ya Arizona, wakala wa kupitisha maagizo ya pensheni, ilipitisha maagizo ya Canary hadi saa tatu usiku, yakiwa yamechanganywa na ya mipango ya pensheni. Pendekezo halikupita. SEC ililirudisha mwaka 2022, na wasimamizi wa pensheni wakaja na hoja ileile ya California.