Kushushwa Msalabani: chapa ya Rubens au ya Vorsterman?

Mwaka 1620 Lucas Vorsterman alichonga kwenye bamba la shaba picha ya Kristo akishushwa msalabani, ambayo Peter Paul Rubens aliipaka rangi kati ya 1612 na 1614 kwa ajili ya Kanisa Kuu la Antwerp. Je, chapa iliyotolewa kwa wino kutoka bamba hilo tuihesabu kazi ya nani?

Wanaomtetea Rubens wana hoja nzito. Watu, mikao na mwanga ni vyake. Chapa za majaribio alizisahihisha mwenyewe kwa kalamu na rangi nyeupe. Katika barua ya 1619 alieleza kwamba ni afadhali apate kijana mwenye bidii atakayefanya kazi chini ya usimamizi wake kuliko bingwa anayejifanyia apendavyo. Hata idhini za kuwazuia wengine wasiinakili alizitafuta yeye.

Ila wino ni mweusi, na joho la Yohana ni jekundu. Wekundu huo uwe mzito kiasi gani ukilinganishwa na buluu iliyo karibu? Hapo ndipo mchongaji anapoonekana. Akiisukuma burini, yaani patasi ndogo ya kuchongea shaba, kwa nguvu zaidi, mfereji unaoshika wino unazama na kupanuka, na mstari unanenepa. Akilegeza mkono, unakonda hadi kupotea. Sanda huachwa karatasi karibu tupu, ndiyo maana inang'aa. Mwilini mistari hupinda kufuata misuli, kisha hukatizwa na mingine. Akikosea, hafuti: anakwangua shaba, anagonga bamba kwa nyuma ili shimo liinuke, analainisha, ndipo anachonga upya. Anayeiita kazi hiyo kunakili tu hajawahi kuitazama kwa lenzi.

Wenyewe hawakuelewana. Kufikia 1622 walikuwa wamegombana vibaya, Rubens akimwona mwenzake ana majivuno. Baadaye Vorsterman alihamia Uingereza. Kwangu, utunzi ni wa Rubens, lakini kila daraja la kivuli ni la Vorsterman.

Hata hivyo, usitoe hukumu kwa chapa mbovu. Karatasi isiyoloweshwa vya kutosha haiingii mferejini, na mistari hutoka imekatika. Bamba likichoka, mistari ya juujuu hufa kwanza: angalia tumbo la Kristo, kama vivuli vyepesi vimegeuka mabaka meupe. Angalia pia ukingo wa chini. Chapa nyingi za kale zimepunguzwa kwa mkasi, na kwa kawaida jina la mchongaji huandikwa hapo.