Kugeuza kila kufuli kuwa raw si kutengeneza

Kuna dawa moja hutajwa kila mtu anapolalamika kwamba kerneli (kiini cha Linux) yenye PREEMPT_RT, mpangilio wa kuzifanya kazi za haraka zijibiwe kwa wakati (kwa kifupi RT), inamfia mashine ikiwaka: "Badili spinlock_t iwe raw_spinlock_t, itawaka." Zote mbili ni kufuli za kuzuia data isiguswe na wawili kwa pamoja; ila ya raw, hata kwenye RT, hailali, huishikilia CPU. Itawaka, ndiyo. Hata king'ora cha moto ukikitoa betri kinanyamaza.

Kwanza, acheni kupiga picha mstari wa mwisho wa skrini. Ukisoma "Attempted to kill init!" unakwenda kuisumbua systemd, programu ya init inayowasha huduma zote, ambayo haijakosa chochote. Dreva (programu za kuendesha vifaa) zilizojengwa ndani ya kerneli huanzishwa na mchakato namba 1, kabla programu ya init haijapakiwa. Dreva ikianguka, namba 1 anakwenda nayo. Chomeka waya wa serial (bodi nyingi za ARM ni volti 3.3; ukiweka 5 utaiunguza), kwenye mstari wa amri wa kuwashia kerneli ondoa quiet, ongeza `earlycon console=ttyS0,115200 ignore_loglevel initcall_debug`, usome kutoka juu. "calling" (dreva imeanza) isiyofuatwa na "returned" (imemaliza) ndiyo mshukiwa.

Sasa kufuli. Kwenye RT, anayesubiri spinlock_t hulala. Dreva iliyoandika local_irq_save(), inayozima interapti (ishara za vifaa za kuikatiza CPU), kisha spin_lock() inataka kulala mahali pasipolalika, na kama chaguo la kujengea kerneli CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP limewashwa utaambiwa waziwazi:

`BUG: sleeping function called from invalid context`

Chini yake, `pid: 1, name: swapper/0`. Unageuza raw, kelele zinaisha. Kumbe ndani ya kufuli hilohilo mna kmalloc, yaani ombi la kumbukumbu. "Lakini nimeweka GFP_ATOMIC!" Hongera, umeomba kumbukumbu bila kulala. Kwenye RT kigawa kumbukumbu chenyewe kina makufuli ya kulala, kwa hiyo chini ya raw hairuhusiwi hata hiyo. Na kile kitanzi kinachosubiri kifaa kijibu, maikrosekunde 200? Sasa kinaishikilia CPU nzima, na kazi yako ya SCHED_FIFO (aina ya kazi za wakati halisi) yenye kipaumbele 99, cha juu kabisa, inakaa foleni kama wengine. RT uliitakia nini?

Tiba haina maajabu: unganisha ile mistari miwili iwe spin_lock_irqsave(), ambayo kwenye RT haizimi interapti kwa spinlock_t. Tenga kumbukumbu kabla ya kushika kufuli. Basi.

Haya, shingo upande nakubali: dreva ya irq_chip (kidhibiti cha interapti), ambayo irq_mask yake, ya kuziba interapti, huitwa kerneli ikiwa tayari imeshika kufuli la raw, inastahili raw. Iandike rejista, iachie, itoke.

Na wewe unayesema "RT imeharibu dreva yangu": RT imo kwenye kerneli kuu tangu 6.12 ya Novemba 2024, si kiraka cha uchochoroni tena. Jenga kerneli ya kawaida, bila RT, ukiwasha CONFIG_PROVE_LOCKING na CONFIG_PROVE_RAW_LOCK_NESTING. Spinlock_t ikishikwa ndani ya raw, utaandikiwa "Invalid wait context" hapohapo, na RT haijagusa mashine yako.