Subban hakuuzwa bure

Juni 22, 2019, Nashville Predators walimpeleka beki P.K. Subban kwa New Jersey Devils. Wao wakapata mabeki wawili ambao hata mashabiki wa hoki ya barafuni wengi hawakuwafahamu, Steven Santini na Jeremy Davies, pamoja na nafasi mbili za kuchagua vijana katika raundi ya pili. Kejeli zilianza siku hiyo hiyo: beki bora wa mwaka 2013 wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, kwa bei ya kutupa?

Wanaokejeli wana lao. Miaka miwili tu nyuma Subban alikuwa kwenye kikosi kilichofika fainali ya Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, na mwaka 2018 aliingia tena tatu bora ya mabeki. Msimu uliofuata aliumia, akacheza mechi 63 na kuishia na pointi 31 (mabao na pasi za mabao kwa pamoja). Kumuuza hapo ni kumuuza bei ikiwa chini. Isitoshe, huyu ni mtu wa mbwembwe, suti za rangi na maneno mengi, na waliomchoka tangu enzi zake katika klabu ya Montreal walipata tena la kusema.

Ila mbwembwe hazikumtoa Nashville. Kilichomtoa ni dola milioni 9 kwa mwaka, kwa misimu mitatu iliyobaki, katika ligi ambayo kikomo cha mishahara ya kikosi kizima ni kigumu. Huku huwezi kulipa faini ukaendelea kusajili kama kwenye mpira wa kikapu wa NBA. Klabu inayouza inaruhusiwa kubeba hadi nusu ya mshahara ili ipate bei nzuri, lakini Nashville hawakubeba hata senti. Ndiyo maana walipewa kidogo. Walichokifuata ni nafasi chini ya kikomo cha mishahara.

Hesabu yenyewe mara nyingi inarukwa. Kikomo kilikuwa milioni 81.5. Nahodha Roman Josi, aliyekuwa akilipwa milioni 4 tu, alibakiza msimu mmoja, na Oktoba akasaini mkataba mpya wa zaidi ya milioni 9 kwa mwaka. Mwongeze Ryan Ellis wa milioni 6.25 na Mattias Ekholm wa 3.75. Subban angebaki, mabeki wanne peke yao wangekula milioni 28 kuanzia msimu wa 2020-21, zaidi ya theluthi ya bajeti ya kikosi kizima. Kisha korona ikaja, na kikomo kikaganda pale pale kwenye 81.5. Hilo meneja wa Nashville, David Poile, hakulitabiri, lakini lingemkaba koo.

Wakati huo huo tatizo la timu lilikuwa kwenye ushambuliaji. Msimu wa 2018-19, mpinzani akipungukiwa mtu, Nashville walifunga asilimia 12.9 tu ya nafasi hizo, wa mwisho kati ya klabu 31. Walipotolewa na Dallas kwenye mechi za mtoano walipata nafasi 15 za namna hiyo. Hawakufunga hata moja!

Kwa nafasi iliyopatikana kwenye bajeti walimsajili mshambuliaji Matt Duchene, milioni 8 kwa mwaka kwa miaka saba. Akaanza kwa kusuasua, akafunga mabao 43 msimu wa 2021-22, na mwaka 2023 klabu ikamlipa ili aondoke. Anayetaka kumlaumu Poile aanzie kwenye mkataba huo. Subban kule New Jersey alimaliza msimu wa kwanza na pointi 18, na alistaafu mwaka 2022, mara tu mkataba ulipokwisha.