Shwari, shari na kicheche wa Hegelochus

Mwaka 408 KK, uwanjani Athene, mwigizaji aitwaye Hegelochus alikuwa na mstari mmoja wa mtunzi wa tamthilia Euripides wa kutamka. Orestes, mhusika mkuu, anatoka kwenye wazimu, akili zinamrudia, anasema kwamba baada ya mawimbi anaona tena bahari imetulia. Neno lenyewe ni galena, na katika mstari huo irabu yake ya mwisho inamezwa na neno linalofuata: galen' horo. Sauti ilitakiwa ipande tu kwenye silabi ya pili. Pumzi ikamwishia mwigizaji, sauti ikapanda na kushuka papo hapo, neno likawa lile la kicheche, na uwanja mzima ukasikia: baada ya mawimbi, naona tena kicheche.

Hakusamehewa. Mwaka 405 KK mtunzi wa komedia Aristophanes aliuchomeka mkasa huo katika tamthilia yake Vyura. Mungu Dionysus na mtumwa wake Xanthias wako njiani kwenda kuzimu, zimwi lililowatisha limetoweka, na mtumwa anamtuliza bwana wake kwamba sasa waweza kusema kama Hegelochus. Washairi wengine wawili wa komedia, Strattis na Sannyrion, nao walimkejeli. Fikiria: tamthilia nzima ya Euripides, na huyu bwana anakumbukwa zaidi ya miaka 2,400 baadaye kwa mkunjo wa sauti kwenye silabi moja.

Naanza na kicheche kwa sababu ubishi wenyewe umelala hapo. Hoja inayosikika mara nyingi ni kwamba Kigiriki cha kale, kama ni lazima kisomwe, kisomwe kwa ajili ya Agano Jipya au falsafa. Vichekesho vya Aristophanes, pamoja na vile vipande 30 vifupi ambamo mwanafalsafa Theophrastus aliwachora wachoyo, wambea na waoga wa mji wake, vimetafsiriwa kwa Kiingereza mara nyingi tu. Nani ateseke na vitenzi miaka mitatu ili acheke?

Wenye hoja hiyo wana mambo mazito mkononi. Kitenzi kimoja cha Kigiriki kina mamia ya maumbo. Nusu ya mizaha ya Aristophanes inawahusu watu wa mtaa wake, na hakuna sarufi itakayokufundisha mwanasiasa Cleon alikuwa nani. Msomaji wa Kigiriki anafungua tanbihi sawasawa na msomaji wa tafsiri. Maandishi ya Theophrastus yametufikia yakiwa yamechakaa, na dibaji yake ni ya kubandikwa: inadai mwandishi ana miaka 99, ilhali habari za maisha yake zinasema alifariki akiwa na 85. Halafu kuna hoja inayoniuma kuliko zote: zipo tenzi zetu katika miswada ya herufi za Kiarabu zinazomsubiri msomaji. Mwenye miaka mitatu ya ziada angeweza kuanzia kwake. Hiyo sina jibu lake, naiacha ilivyo.

Lakini ile ya kusema tanbihi inatosha, hapana. Tanbihi itakwambia kwamba hapa kuna mchezo wa maneno kati ya utulivu na kicheche. Utatikisa kichwa na kufungua ukurasa unaofuata. Haikwambii kwa nini kicheche, na si panya wala kuku. Jibu liko kwa Theophrastus, katika kipande cha 16, anapomchora mtu anayeishi kwa kuogopa mikosi. Kicheche akimkatizia njia, mtu huyu hasogei mpaka mwingine atangulie kupita, au yeye mwenyewe arushe mawe matatu kuvuka njia. Panya akitoboa mfuko wake wa unga, huenda kumuuliza mtaalamu wa mambo ya dini. Akiambiwa aupeleke kwa fundi wa ngozi ushonwe, hasikii, anakwenda kutoa kafara. Kumbe Hegelochus hakukosea tamko tu. Alitangaza mkosi pale alipotakiwa kutangaza salama. Katika Kigiriki neno ni lile lile, gale, kwenye vitabu vyote viwili. Katika tafsiri, huyu kaandika kicheche, yule kaandika paka, na uzi umekatika bila msomaji kujua kwamba ulikuwepo.

Sasa jaribu kuuleta mzaha huo kwa Kiswahili. Ukipitia Kiingereza unapata utulivu upande huu na kicheche upande ule, na maneno hayo mawili hayatakutana hata uyaweke chumba kimoja usiku kucha. Ukishika Kigiriki, galena ni neno la bahari, la mabaharia, la maji yaliyolala baada ya dhoruba. Hilo pwani tunaliita shwari. Na mwigizaji aliyeishiwa pumzi, w ikimponyoka, atasema: baada ya mawimbi, naona tena shari. Sauti moja imedondoka, salama imegeuka mkosi, na kicheche anaweza kwenda zake kwa amani. Mtu mwenye bahati angeweza kulipata hilo hata kwa kupitia tanbihi ya Kiingereza, sikatai. Ila tafsiri isiwe kazi ya kutegemea bahati.

Si mfano wa pekee. Katika Ndege, tamthilia ya mwaka 414 KK, kwaya ya ndege inajigamba kwamba wanadamu hawafanyi jambo bila wao: chafya mnaiita ndege, uvumi mnauita ndege, hata punda mnamwita ndege. Msomaji wa Kiingereza anakwama, apewe maelezo kwamba neno ornis lilikuwa pia na maana ya fali, ishara ya heri au ya balaa. Mswahili wa pwani haelezwi. Kwake ndege njema na ndege mbaya ni lugha ya wazee wa nyumbani. Au chukua Nyigu, wa 422 KK, ambako mwanasiasa Alcibiades anachekwa kwa kutamka l penye r: anataka kusema mtu fulani ana kichwa cha kunguru, korax, kinatoka kichwa cha mtu wa kujipendekeza, kolax. Hapa sina pacha wa Kiswahili wa kulingana nao. Lakini yeyote aliyewahi kusikia mtu akihimizwa kwenda kupiga kula hahitaji somo la kucheka.

Huyo kolax, tukiwa hapo hapo, Theophrastus kamchora katika kipande cha pili, na hapa ndipo mimi niliposhawishika kabisa. Namjaribu kwa Kiswahili: ni mtu wa kumwambia anayetembea naye, unaona watu wanavyokutazama? Hakuna mwingine mji huu anayetazamwa hivi. Na kusema hayo huku akimtoa kijiuzi kwenye nguo. Na upepo ukimwangushia bwana kikapi kichwani, kukiokota na kucheka: siku mbili tu hatujaonana, tayari ndevu zimejaa mvi! Na bwana akitoa mzaha uliopoa, kujisokomeza nguo mdomoni kana kwamba kicheko kimemshinda.

Mtaani Dar es Salaam huyu anaitwa chawa, wala hapana haja ya kamusi. Angalia pia jinsi sentensi zinavyokwenda. Theophrastus anaanza na mtu wa namna ya, kisha anafululiza vitenzi-jina mpaka mwisho: kusema, kuokota, kucheka. Kiingereza mara nyingi huvigeuza kuwa anasema, anaokota, na tabia inakuwa tukio. Kiswahili kinavipokea kwa ku- bila jasho. Kila kipande kinatoka kwenye jina la tabia kwenda kwa mwenye tabia, nasi tuna u- na m- za kazi hiyo hiyo: uchoyo, mchoyo. Sioni faida ya kuipeleka sarufi inayofanana na yetu London kwanza ivuliwe nguo, ndipo iletwe Zanzibar.

Gharama je? Wapo tayari walioilipa sehemu kubwa. Vyuo vya theolojia Afrika Mashariki vinafundisha Kigiriki cha Agano Jipya, na wengi wanaishia kwenye Injili. Waende kwenye Matendo 17:22, Paulo anaposimama Areopago. Biblia ya Kiswahili inawaita Waathene watu wa kutafakari sana mambo ya dini, kwa adabu zote. Neno alilotumia Paulo ni ndugu wa jina la kipande cha 16, yule wa mawe matatu. Aliwasifu, au aliwachoma kidogo? Wanavyuoni wanabishana, na Kigiriki kinaruhusu yote mawili. Anayetaka kushiriki ubishi huo ana kipande kisichofika kurasa tatu cha kuanzia.