Jiko Litoke Chumbani, Watoto Watoke Wakacheze

Shule zikifungwa mwezi wa sita, wazazi wa huku Mbeya tukikutana swali ni moja: wako umempeleka tuisheni wapi? Ni nadra kusikia mtu akiuliza mtoto atashinda na nani mchana, atakula nini mama akiwa sokoni, au usiku chumba anacholala kinapashwa joto kwa kitu gani. Kwa maoni yangu maswali haya matatu yana uzito kuliko hesabu za sehemu, na la mwisho ndilo linaloninyima usingizi.

Likizo hii inaangukia kwenye baridi kali kuliko yote ya mwaka. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe na Makete wako juu zaidi. Basi nyumba nyingi hufanya lilelile. Ugali ukishaliwa, jiko la mkaa lenye makaa mekundu linabebwa hadi chumba cha watoto, dirisha linafungwa, na kitambaa kinasukumwa chini ya mlango kuzuia upepo. Chumba kinapata joto zuri, na kwa kuwa mkaa ukishakolea hautoi moshi, kila mtu anaona mambo ni shwari.

Si shwari. Mkaa unaoungua hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi, na chumba kikifungwa gesi hiyo hujaa humo. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haimkohozi mtu. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni, kwa hiyo ubongo na moyo vinanyimwa hewa huku kifua kikipanda na kushuka kama kawaida. Aliye macho ataumwa kichwa, atasikia kizunguzungu na kichefuchefu, miguu italegea. Aliyelala hana kinachomwamsha. Watoto huzidiwa mapema kwa sababu wanapumua haraka kuliko sisi. Halafu familia ikikutwa asubuhi haiamki, maneno ya uchawi yanaanza kuzunguka mtaani kabla mtu hajatazama jiko lililo kwenye kona.

Oteni moto mkiwa macho, mlango na dirisha vikiwa wazi, kisha jiko litolewe kabla ya mtu yeyote kupanda kitandani. Litoke nje kabisa, lisiachwe koridoni. Kuyafunika makaa kwa majivu si kuyazima, yanaendelea kutoa gesi ileile. Watoto walale na soksi na sweta, blanketi juu, ndugu wabanane kitanda kimoja kama tulivyolala sisi. Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua milango, mtoe kwenye hewa safi na mkimbize hospitali hata kama amezinduka. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, nami nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini likizo ni mwezi huu, na gunia la mkaa bado liko jikoni.

Jikoni kwenyewe mchana ndiko watoto wanakokimbilia baridi, na sufuria ya uji iko chini, usawa wa mikono yao. Mtoto akiungua, mwagie maji safi ya kawaida yanayotiririka kwenye jeraha kwa dakika 20. Barafu hapana. Dawa ya meno, ute wa yai na unga pia hapana, kwa sababu vinachafua jeraha, na vikigandia pale daktari atapata kazi ya kuvibandua kwenye nyama mbichi. Sehemu nyingine ya mwili mfunike asipoe.

Nikirudi kwenye tuisheni, sisemi mtoto asishike daftari mwezi mzima. Nusu saa ya kusoma kitabu cha hadithi kwa sauti, bibi akisikiliza, inatosha na inabaki kichwani. Ninachokataa ni kumtoa mtoto wa darasa la tano kwenye dawati la shule na kumkalisha kwenye benchi la tuisheni kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni, kisha tukaita likizo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania imeuridhia, unataja kupumzika na kucheza katika ibara ya 31 kama haki. Mwacheni acheze rede na kombolela, apige chandimu mpaka sweta lichafuke.

Ila acheze mahali mtu mzima anapopajua. Kwa sisi wa Mbalizi, Mwanjelwa na Uyole barabara kuu ya kwenda Tunduma inapita katikati ya maisha yetu, na lori lililoshehena kwenye mteremko halisimami ghafla kwa ajili ya mpira. Tena kiangazi ni msimu wa kufyatua tofali. Yale mashimo ya udongo yaliyojaa maji yana kingo zinazoteleza na kina ambacho mtoto hawezi kukiona. Anayechimba afukie au azungushie miiba, na mwenyekiti wa mtaa amfuate kabla msiba haujatokea.

Kuna jambo la chakula ambalo mikoa yetu inapaswa kulionea uchungu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Iringa zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, na Njombe hali ni kama hiyohiyo. Hii ni mikoa inayolisha nchi! Mahindi, maharage, viazi, maziwa na parachichi vinapanda magari kwenda kwingine, na mdogo aliyebaki nyumbani anapewa uji mweupe asubuhi na ugali kwa mboga za majani jioni. Katika likizo watoto wote wanakula mbele ya macho yetu. Yai moja lisiuzwe, parachichi moja libaki, karanga zisagwe ziingie kwenye uji.

La mwisho ni gumu kuliko yote. Likizo huleta wageni, na wageni hulazwa na watoto kwa sababu vyumba ni vichache. Simlazi mtoto wangu na mgeni mkubwa, hata awe ndugu wa damu, na sioni haya kusema hivyo mbele ya ukoo. Mtoto akikuambia hataki kubaki na mtu fulani, usimkaripie, kaa naye umsikilize. Simu ya 116 ni ya bure kwa ajili ya watoto, na vituo vikubwa vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Mtaani kwetu, sisi akina mama wa sokoni tumepangana zamu. Kila siku mmoja anabaki, wengine tunaenda kwenye meza zetu. Wa zamu anawajua watoto wote kwa majina, saa sita anawaita wale, anazunguka kwenye mashimo ya tofali, na jioni kila mtoto anakabidhiwa kwa mzazi wake mkono kwa mkono. Zamu yangu ni Jumatano. Kama unakaa upande huu wa Uyole na mwanao anashinda peke yake, mlete.